Kuomba Kazi ya Urubani wa Safari Ndefu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kila tangazo la kazi la Emirates, Qatar Airways au shirika jingine la safari ndefu linapotoka, husambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya marubani chipukizi kabla jua halijazama. Pamoja na tangazo husambaa ushauri, na mwingi ni wa kusikia tu. Ushauri mbaya katika fani hii ni ghali sana. Mafunzo ya urubani hulipiwa fedha nyingi, na nyuma ya mwanafunzi mmoja mara nyingi kuna kiwanja kilichouzwa au mzazi aliyeingia mkopo. Ndiyo maana naona ni lazima dhana hizi ziwekwe mezani moja moja.

Dhana: Ukishapata leseni ya biashara, uko tayari kuomba shirika kubwa

Hii ndiyo inayoumiza familia nyingi zaidi. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, leseni ya rubani wa biashara, yaani CPL, inataka saa 200 za kuruka, au 150 kama umesoma kozi iliyoidhinishwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Leseni ya juu, ATPL, inataka saa 1,500 na umri usiopungua miaka 21. Mashirika ya Ghuba yakitangaza nafasi za marubani wasaidizi, kwa kawaida huanzia kwenye hiyo ATPL, kisha huongeza uzoefu wa miaka kadhaa kwenye ndege kubwa zinazorushwa na marubani wawili.

Kati ya saa 200 na kiwango hicho kuna safari ya miaka, na kwetu Afrika Mashariki safari hiyo inajulikana. Ni Cessna Caravan za Arusha zinazopeleka watalii Serengeti, ndege ndogo za Dar es Salaam, Zanzibar na Mafia, na kampuni za Uwanja wa Wilson jijini Nairobi zinazokwenda Maasai Mara, Somalia na Sudan Kusini. Baada ya hapo ndipo rubani anapopanda ndege za abiria za ukubwa wa kati kama ATR, Dash 8 au Embraer. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe akimaliza shule leo ataajiriwa Dubai mwakani anapaswa kuambiwa ukweli huu kabla hajalipa ada, si baada.

Zipo njia za mkato halali. Ethiopian Airlines, kwa mfano, ina chuo chake Addis Ababa na huwachukua wahitimu wake wakiwa bado wachanga. Lakini programu kama hizo ni chache, na nyingine, hasa zile zinazolipiwa kikamilifu na mashirika ya Ghuba, zimewekwa kwa ajili ya raia wa nchi zenyewe.

Dhana: Saa ni saa, mradi zitimie

Hapa ningependa msomaji atulie, maana ndipo waombaji wengi wazuri wanapokwama bila kujua sababu.

Msaili hasomi jumla iliyo chini ya ukurasa wa daftari lako la saa peke yake. Anauliza saa hizo ni za ndege gani, ya uzito gani, ya injini ngapi, mchana au usiku, na ulikuwa umekaa kiti gani. Linganisha uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa wakati wa kuruka. Caravan haifiki hata tani 4. ATR 72, wanayoruka Precision Air, ni tani 23 hivi. Dash 8-400 ya Air Tanzania ni takriban tani 29, na Boeing 787-8 ni karibu tani 228. Matangazo mengi hutaja uzito wa chini wanaoukubali, na saa zote zilizo chini ya kiwango hicho zinaweza zisihesabiwe kabisa, hata kama ni elfu tatu.

Tatizo jingine ni la kwetu kabisa. Viwanja vya mbugani havina taa, na kazi ya kupeleka watalii ni ya mchana, macho yakiwa nje ya kioo. Hata hiyo ATPL yenyewe inadai, ndani ya zile saa 1,500, saa 100 za usiku na saa 75 za kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndege badala ya kutazama nje. Rubani anaweza kufanya kazi misimu mingi Serengeti, awe hodari wa kutua kwenye njia fupi ya vumbi huku pundamilia wakifukuzwa pembeni, halafu agundue kwamba saa zake za usiku hazitoshi kupata leseni. Mwenye kupanga vizuri huanza kuzitafuta mapema: ndege za mizigo za usiku, safari za kuhamisha wagonjwa, chochote kinachomtoa nje ya mwanga wa jua.

Jambo la mwisho ni kiti cha kulia katika ndege iliyoidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Wapo walioandika mamia ya saa wakiwa wamekaa pale kama msaidizi, kumbe wasaili wengine hawazitambui. Uliza mamlaka yako ya usafiri wa anga, TCAA ya Tanzania au KCAA ya Kenya, namna ya kuziandika kabla hazijawa nyingi.

Dhana: Kuongeza saa kidogo kwa kalamu hakumdhuru mtu

Kunamdhuru, na hugundulika. Saa za rubani zina ndugu zake kila mahali: kumbukumbu za kiufundi za ndege, orodha za kampuni za nani aliruka na nani, rekodi za viwanja. Shirika kubwa huandikia mamlaka iliyokupa leseni kuthibitisha, na huwaandikia waajiri wako wa zamani.

Pakistan ilionyesha dunia nzima gharama yake. Juni 2020 waziri wa usafiri wa anga wa nchi hiyo, Ghulam Sarwar Khan, aliliambia bunge kwamba leseni za marubani 262 zilikuwa na mashaka, wengi wakidaiwa kufanyiwa mitihani na watu wengine. Muda mfupi baadaye Ulaya ililifungia shirika la taifa la nchi hiyo, PIA, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Novemba 2024. Marubani wa Kipakistani waliokuwa wakifanya kazi kwa uaminifu katika mashirika ya nchi nyingine walijikuta nao wakichunguzwa upya. Kijana anayejaza saa za uongo anahatarisha abiria, na anawachafulia jina wenzake wote wenye leseni ya nchi ileile.

Dhana: Jinunulie idhini ya Boeing 737 au Airbus A320, milango itafunguka

Idhini ya kurusha aina fulani ya ndege ni kozi ya darasani na ya simuleta, yaani mashine ya kuigiza ndege, na bei yake ni kubwa. Bila saa halisi kwenye ndege hiyo, karatasi ile haina uzito mbele ya msaili wa safari ndefu, na usipoitumia inahitaji kuhuishwa kila mwaka kwa fedha nyingine. Mashirika makubwa ya safari ndefu kwa kawaida hukusomesha yenyewe kwenye 777, 787, A350 au A380, kisha hukufunga kwa mkataba wa miaka kadhaa: ukiondoka mapema, unarudisha sehemu ya gharama. Kama familia ina fedha za kununua idhini, mimi ningesema zitumike kwanza kwenye saa za usiku na za vyombo.

Dhana: Miwani, kimo au umri vitakuzuia

Nazipitia haraka, kwa kuwa majibu yako wazi. Miwani inaruhusiwa. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kinataka uone 6/9 kwa kila jicho, kwa miwani au bila miwani, na ukiwa kazini uwe na miwani ya akiba karibu. Upofu wa rangi ndio wenye utata, hivyo pimwa kabla ya kulipa ada hata ya mwezi mmoja. Ile habari ya kunyoosha mkono ufike sentimita 212 ni ya wahudumu wa ndani ya ndege wa Emirates, haihusu marubani. Kuhusu umri, kikomo cha kimataifa kwa ndege ya abiria yenye marubani wawili ni miaka 65, kwa hiyo mtu wa miaka 38 mwenye saa nzuri hajachelewa. Nchi za Ghuba pia hupima VVU na kifua kikuu kwa ajili ya kibali cha ukaazi, na hilo ni vyema ulijue mapema kuliko kulikuta Dubai.

Na kwa dada zetu wanaoambiwa kwamba safari ndefu si kazi ya mwanamke: Irene Koki Mutungi wa Kenya Airways alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787, mwaka 2014.

Dhana: Lazima uwe na shahada, na lafudhi ya Kizungu

Leseni haidai shahada. Hata Delta ya Marekani iliacha kuidai mwaka 2022. Shahada inaweza kukusaidia siku afya ikikatisha urubani, na hiyo ni sababu nzuri ya kuisoma, ila usijinyime kuomba kwa kukosa karatasi hiyo.

Kiingereza cha anga hupimwa kwa ngazi 1 hadi 6, na kiwango cha chini cha kuruka kimataifa ni ngazi ya 4. Wanapima mambo sita: matamshi, muundo wa sentensi, msamiati, ufasaha, kuelewa, na kujibizana. Alama yako ni ile ya chini kuliko zote. Lafudhi ya Mwanza au ya Mombasa si kosa mradi unaeleweka. Wengi huangushwa na kipengele cha kuelewa, kwa sababu wamezoea sauti za waongozaji ndege wa nyumbani peke yake.

Dhana: Siku ya simuleta wanatafuta fundi wa usukani

Usaili wa mashirika haya una hatua nyingi: majaribio ya kompyuta ya hesabu na kumbukumbu, Kiingereza, kazi ya kikundi, mahojiano, kisha simuleta. Wengi hujiandaa kwa ile ya mwisho kana kwamba ni mashindano ya kutua kwa ulaini. Hawakutegemei uijue ndege hiyo. Wanatazama unavyogawana kazi na mwenzako, unavyosema kwa sauti unachokiona, unavyokiri kwamba umekosea na kurudi kwenye utaratibu, na kama unaboreka pale wanapokurekebisha.

Sababu yake iliandikwa kwa damu. Julai 6, 2013, Boeing 777 ya Asiana kutoka Seoul iligonga ukuta wa ufukweni ilipokuwa ikitua San Francisco, mchana, hali ya hewa ikiwa safi. Watu watatu walifariki. Aliyekuwa akiirusha alikuwa na saa zaidi ya 9,600, lakini kwenye 777 zilikuwa 43 tu, na kando yake alikuwapo mwalimu. Mwendo ulishuka huku wakiamini mitambo ingeongeza nguvu yenyewe, na hakuna aliyelisema kwa wakati. Kila msaili wa safari ndefu anajua mkasa huo. Anapokutazama ukinyamaza simuleta inapopoteza mwendo, anaona chumba kile cha marubani.

Papo hapo niivunje dhana ya pili, kwamba otopailoti hufanya yote na kazi ni ya kukaa tu. Rubani wa safari ndefu hutua mara chache kuliko yule wa Caravan, wakati mwingine mara chache mno. Kanuni inataka awe ameruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90. Katika safari ya Nairobi hadi New York, saa 15 hivi angani, marubani huwa zaidi ya wawili na hupokezana kulala, na kutua ni kwa mmoja. Wengine hulazimika kwenda simuleta ili kutimiza hizo mara tatu tu. Wasaili hupenda kusikia utakavyolinda ustadi wa mikono yako, kwa hiyo uwe na jibu lako mwenyewe.

Dhana: Ulaya, Marekani na Ghuba ni mlango mmoja

Ni milango mitatu. Ghuba hukubali leseni za nchi wanachama wa ICAO na mwajiri hukushughulikia kibali cha kazi. Ulaya hutaka leseni yao, na ukiwa na ya nje unafanya upya mitihani 13 ya nadharia, kisha bado unahitaji haki ya kuishi na kufanya kazi huko. Marekani nayo hutaka leseni ya FAA, mamlaka yake ya usafiri wa anga, na haki ya kufanya kazi. Huko, katika mashirika makubwa, hata kapteni mzoefu huanzia mwisho wa orodha ya ukuu kazini, kwenye kiti cha kulia cha rubani msaidizi.

Dhana: Bila mtu wa ndani au wakala, huchukuliwi

Kenya Airways kwa miaka mingi imepoteza marubani wanaokwenda Ghuba, na walikwenda kwa kujaza fomu kwenye tovuti rasmi za waajiri wao wapya. Mashirika haya hutangaza waziwazi kwamba hayatozi mwombaji. Anayekuomba dola mia tano za "kuhifadhi nafasi" au "kushughulikia viza", hata akikutumia barua yenye nembo, ni tapeli. Fedha utakazotoa kihalali ni za mamlaka na daktari wa anga: uthibitisho wa leseni, mtihani wa lugha, cheti cha afya, na cheti cha tabia njema cha polisi. Anza na uthibitisho wa leseni, kwani ndio unaoweza kuchelewa wakati muda wa tangazo unakwisha.