Postikadi ya picha halisi ni ipi hasa?

Ni postikadi ambayo picha yake imesafishwa moja kwa moja kutoka kwenye negativu (filamu au kioo chenye picha ambayo mwanga na giza vimegeuzwa), juu ya karatasi ya picha, na nyuma ya karatasi hiyo pana nafasi ya anwani na stempu. Basi, maana yake ni hiyo tu.

Lakini siku hizi kila kadi kuukuu ya rangi nyeusi na nyeupe, ikiwa na mtaa au familia iliyojipanga mbele ya nyumba, inauzwa kwa jina hilo. Muuzaji anaandika, mnunuzi anaamini, bei inapanda. Hata kadi iliyopigwa chapa kwa maelfu nayo inaitwa picha halisi, eti kwa sababu chanzo chake ni kamera. Karibu kadi zote za mandhari zilianzia kwenye kamera! Kinachotafutwa ni jinsi kadi yenyewe ilivyotengenezwa.

Chukua lenzi inayokuza mara kumi, utazame shavu la mtu au kipande cha anga. Kwenye kadi nyingi za chapa utaona vitone vimepangana kwa safu, vinene penye giza, vyembamba penye mwanga. Picha halisi haina vitone. Kivuli kinafifia polepole hadi kuwa mwanga, bila kukatika popote. Ikiwa ya zamani, iinamishe kidogo kwenye taa: mara nyingi sehemu zenye giza, hasa pembezoni, hung'aa rangi ya fedha, kwa kuwa fedha iliyomo kwenye picha imepanda juu kadiri miaka ilivyopita.

Mtego mkubwa ni kolotaipu, chapa ya bamba la kioo lililopakwa jelatini. Hiyo nayo haina safu za vitone, ndiyo maana inawapoteza hata wazoefu. Tazama tena kwa utulivu, utaona vijimistari vidogo vilivyojisokota ovyo. Huo ni wino.

Kadi hizi zilienea baada ya Kodak kutoa karatasi ya picha yenye mgongo wa postikadi, na mwaka 1903 kamera ya 3A, ambayo negativu yake ilikuwa inchi 3¼ kwa 5½, yaani ukubwa wa postikadi yenyewe. Mtu aliweza kupiga picha ya watoto wake na kuituma kwa posta. Kwa hiyo nyingine zilisafishwa nakala chache tu, na uthamani wake unatoka hapo.

Alama za kisanduku cha stempu, kile kilichochorwa nyuma ya kadi mahali pa kubandika stempu, nazo zinasomwa vibaya. Neno AZO, jina la aina ya karatasi ya picha, likiwa na pembetatu nne zinazoelekea juu, huhesabiwa kuwa la kati ya 1904 na 1918. Mbili zikielekea juu na mbili chini, ni 1918 hadi 1930. Miaka hiyo ni ya karatasi. Negativu inaweza kuwa ya zamani zaidi, na karatasi iliyobaki dukani iliweza kutumika baadaye.

Kwa hiyo lenzi ikikuonyesha vitone, andika "kadi ya chapa" kwenye tangazo lako. Kadi za chapa zina wapenzi wake, na wengi wao wanazitafuta kwa jina hilohilo.