Je, wajua chungu kilitangulia jembe?

Shuleni tulikariri kwa mpangilio mmoja: binadamu aliacha kuhamahama, akalima, akavuna mpaka akapata ziada, ndipo akabuni chungu cha kuhifadhia nafaka. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapewa alama, na kwa miaka mingi niliwafundisha wengine hivyo hivyo. Maelezo hayo yanaingia akilini kwa urahisi mno. Lakini vyungu vya kale zaidi vinavyojulikana vilifinyangwa na watu wasiokuwa na shamba wala ghala.

Vigae vyenyewe vilipatikana katika pango la Xianrendong, jimbo la Jiangxi, kusini mwa China. Mwaka 2012 watafiti walitangaza kwamba vina umri wa miaka ipatayo 20,000. Dunia ilikuwa katika baridi kali ya enzi ya barafu, na kilimo kilikuwa bado miaka kama 10,000 mbele. Umri huo, ni vizuri kusema, ulipimwa kwenye mifupa na makaa yaliyolala tabaka moja na vigae, na wapo wataalamu wanaohoji kama tabaka za pango hilo hazikuchanganyika. Hata hivyo pango la Yuchanyan, katika jimbo jirani la Hunan, limetoa vigae vya miaka ipatayo 18,000, na Odai Yamamoto, kaskazini mwa Japani, vya miaka kama 16,000. Kote huko walioishi walikuwa wawindaji, wavuvi na waokota matunda. Hata ukiliweka pango la kwanza pembeni, chungu bado kinalitangulia jembe kwa maelfu ya miaka.

Sasa geukia upande wa pili, kwa wakulima wenyewe. Mashariki ya Kati watu walilima ngano na shayiri kwa karibu miaka 3,000 bila vyungu. Yeriko ulijengwa ukuta na mnara wa mawe wa zaidi ya mita 8, yapata mwaka 8000 KK, na mwanaakiolojia Kathleen Kenyon alipochimba hapo katika miaka ya 1950 alikuta tabaka nene za makazi ya wakulima zisizo na kigae hata kimoja. Wanaakiolojia wakalazimika kukiita kipindi hicho Neolithi (yaani Enzi ya Mawe Mapya) Kabla ya Vyungu. Watu hao walijua udongo vizuri. Nyumba zao ni za matofali ya udongo. Nafaka waliweka kwenye mashimo, vikapu na vihori.

Nasi tungelijua hilo bila kwenda Yeriko. Nani aliyewahi kuona mavuno ya mtama ya kijiji yamewekwa kwenye vyungu? Nafaka ni ya kihenge, cha fito na matope, kilichoinuliwa juu ya ardhi ipite hewa. Chungu ni kizito, kinavunjika, na hakibebi hata robo ya kihenge. Kazi kinayoiweza kuliko chombo chochote cha kale ni nyingine: kukaa juu ya mafiga na maji ndani yake, moto chini, kutwa nzima.

Ushahidi wa kazi hiyo uko kwenye ukoko. Mwaka 2013 watafiti walichunguza mabaki yaliyogandia ndani ya vyungu vya Jomon, utamaduni wa kale wa wawindaji na wavuvi wa Japani, vya miaka 11,000 hadi 15,000 iliyopita, wakakuta mafuta ya samaki. Mtu aliunguza mchuzi wa samaki, hakusugua chungu vizuri, na mafuta yakazama kwenye vitundu vya udongo mpaka leo. Kabla ya chungu mchuzi ulichemshwa kwa kutumbukiza mawe ya moto kwenye ngozi au shimo lenye maji, kazi isiyokuruhusu kuondoka. Chungu kilimpa mpishi nafasi ya kuacha kitu kichemke polepole, mafuta yatoke kwenye mifupa, na vyakula vigumu vilainike vya kuwafaa watoto na wazee.

Lakini udongo unawezaje kuketi motoni na kushika maji, wakati tofali bichi linageuka tope kwa mvua moja ya masika?

Udongo wa mfinyanzi ni vibamba vidogo sana, vyembamba, na maji yamekaa kati yao. Lowanisha vioo viwili uvibandike: vinateleza kimoja juu ya kingine, ila kuvibandua ni kazi. Ndivyo udongo mbichi unavyokubali umbo na kulishika. Ukikauka juani, maji hayo yanatoka, vibamba vinasogeleana, chombo kinasinyaa na kuwa kigumu. Bado ni udongo tu. Ukiuloweka unarudi tope. Ndani ya vibamba vyenyewe kuna maji mengine yaliyofungwa, na haya jua haliyawezi. Yanataka joto la nyuzi 500 hadi 600, na yakishatoka, kuloweka hakuyarudishi. Ni kama ute wa yai: ulioanikwa ukakauka utalainika tena majini, uliochemshwa hautarudi ute kamwe. Moto ukizidi, kingo za vibamba zinaanza kushikana. Joko halihitajiki, moto wa kuni na nyasi uwanjani unalifikia joto hilo.

Ugumu ni kupita hapo salama. Unyevu uliobaki unageuka mvuke, na usipopata njia chombo kinalipuka kama bisi. Huko Dolní Věstonice, katika Jamhuri ya Cheki, watu walichoma vinyago vya udongo zaidi ya miaka 25,000 iliyopita, na vingi vimekutwa vimepasuka vipande. Baadhi ya watafiti wamedhani vilitupwa motoni vibichi makusudi, ili vilipuke. Ni dhana tu, lakini inaonyesha kwamba kuchoma udongo kulijulikana mapema sana. Chungu ndicho kilichochelewa.

Nimewahi kukaa na bibi mmoja mfinyanzi akitwanga chungu kilichovunjika, kwenye kinu, mpaka kikawa chenga, kisha akazikanda pamoja na udongo mpya. Nilimuuliza kwa nini. "Bila hiki cha zamani, mwanangu, kipya kinanipasukia." Chenga zile zinauachia mvuke upenyo wakati wa kuchoma. Baadaye, kila siku jikoni, kitako kinapotanuka kwa moto huku mdomo ukiwa umepoa, ufa unaoanza unagota kwenye chenga na kukomea hapo, kama nguo iliyochanika mpaka kwenye mshono. Kwingine hutiwa mchanga, makapi au simbi zilizosagwa.

Afrika haikusubiri kufundishwa. Ounjougou, nchini Mali, vipo vigae vya zaidi ya miaka 11,000, tena kabla ya kilimo, wakati mvua ziliporudi na nyasi zenye punje kuenea. Katika Sahara ya Libya, vyungu vya Takarkori na Uan Afuda vimekutwa na mabaki ya mimea ya porini iliyopikwa. Amazoni nako, Taperinha, vigae vya kale vimo katika lundo la simbi za waliokula vya mtoni.

Na kwetu kuna vyungu vya Kansyore, jina la kisiwa cha mto Kagera, vilivyofinyangwa na wavuvi na wawindaji wa kandokando ya Ziwa Victoria. Wakulima na wafua chuma wenye vyungu vya Urewe walifika maelfu ya miaka baadaye. Wadh Lang'o, magharibi mwa Kenya, ukishuka na jembe la mchimbaji unakutana kwanza na vigae vya Urewe, chini yake vya wafugaji, na chini zaidi vya Kansyore, vya wale waliokula samaki.