Kichupo cha ripoti kimetoweka kwenye Excel? Acha kwanza kufuta na kusakinisha

Kati ya tarehe 1 na 7 ya kila mwezi simu yangu haipoi. PAYE inasubiri, mkurugenzi anataka ripoti ya mapato na matumizi, na mhasibu amefungua Excel akakuta kile kichupo cha programu-jalizi (add-in, yaani programu ndogo inayochomekwa ndani ya Excel) inayovuta takwimu kutoka kwenye mfumo wa uhasibu hakipo. Tatizo lenyewe halinisumbui, ndilo linalonilisha. Kinachonichosha ni maneno yanayofuata salamu: "Kaka, nimeshaifuta nikasakinisha upya mara tatu, bado imegoma."

Mara tatu!

"Ikigoma, ifute usakinishe upya"

Mara nyingi faili za programu-jalizi ni nzima kabisa. Ni Excel yenyewe iliyokataa kuipakia, na katazo hilo haliko kwenye folda ya programu. Limeandikwa kwenye rejista ya Windows, yaani hazina ya mipangilio ya kompyuta, upande wa mtumiaji. Ni kama askari wa getini ameandika jina lako kwenye daftari la wasioruhusiwa kuingia, nawe unarudi nyumbani kubadilisha shati.

Excel huzima programu-jalizi kwa njia mbili. Ya kwanza ni pale Excel ilipokwama ikajifunga wakati programu-jalizi inapakiwa au inatumika. Ukiifungua tena inakuuliza kama iizime, na mtu mwenye haraka hubonyeza Yes bila kusoma. Tangu hapo jina linakaa kwenye orodha ya Disabled Items. Kulitoa ni kazi ya dakika moja: File, Options, Add-ins, kisha pale chini penye Manage chagua Disabled Items, bonyeza Go, lichague jina, bonyeza Enable, funga Excel uifungue tena. Kama kichupo bado hakijarudi, pita njia hiyohiyo ila chagua COM Add-ins (orodha ya programu-jalizi zinazosakinishwa kwenye Windows), uweke tiki.

Ofisi moja ilihangaika siku nzima na ikamaliza bando ikishusha Office 2021 ili iachane na Office 2016, kwa sababu ya kichupo hiki tu. Hakikurudi. Matoleo yote mawili hutumia sehemu moja ya rejista, ile ya 16.0, kwa hiyo Excel mpya ilirithi orodha ya makatazo ya Excel ya zamani. Nilipofika nilibonyeza Enable, nikanywa chai yao, nikaondoka.

Njia ya pili ni ya kimyakimya, na ndiyo inayoitia nguvu dhana ya kufuta na kusakinisha upya. Programu-jalizi imepata hitilafu ilipokuwa inaanza, Excel haikujifunga, na hakuna ujumbe wowote uliotokea. Ila kwenye rejista, chini ya HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Office\Excel\Addins, kuna thamani iitwayo LoadBehavior. Inatakiwa iwe 3, maana yake ipakiwe Excel inapofunguliwa. Hitilafu ikitokea hugeuka kuwa 2. Sasa ukisakinisha upya, kisakinishi huandika tena 3, kichupo kinarudi, ofisi nzima inapumua. Kesho asubuhi hitilafu ni ileile, na thamani imerudi 2. Umemeza Panadol, malaria ipo palepale.

Kuweka tiki kwenye COM Add-ins hukurudishia hiyo 3 bila kufuta chochote. Na kabla hujafunga dirisha hilo, soma mstari wa Load Behavior ulio chini. Ukisema kuna hitilafu iliyotokea wakati wa kupakia, hata ukiweka tiki mara mia haitakaa. Tafuta hitilafu yenyewe.

Hapo nina dawa yangu ninayoipenda kuliko zote. Kwa programu-jalizi zilizotengenezwa kwa VSTO, zana za Microsoft za kuundia programu-jalizi za Office, na za ripoti ni nyingi za aina hiyo, Office huficha ujumbe wa hitilafu kwa makusudi. Nenda kwenye Environment Variables za Windows, ongeza VSTO_SUPPRESSDISPLAYALERTS, uipe thamani 0, kisha ufungue Excel upya. Itasema yenyewe inachoumwa: pengine faili fulani la .NET, msingi wa Microsoft ambao programu hizi huutegemea, halionekani, pengine faili la mipangilio limeharibika. Upige picha ujumbe huo unitumie WhatsApp. Picha hiyo moja ina faida kuliko kusakinisha mara kumi, na haikupotezei, kama kusakinisha upya kunavyoweza, jina la seva na mipangilio ambayo aliyekuwekea mwanzoni ameshaacha kazi.

"Kompyuta yangu ni ya biti 64, nipe ya biti 64"

Sikuulizi Windows, nakuuliza Excel. Windows ya biti 64 inaweza kabisa kubeba Excel ya biti 32, na zipo nyingi maofisini. Nenda File, Account, About Excel, usome mstari wa juu. Tangu Office 2019 ikisakinishwa bila kuchagua huja ya biti 64, ndiyo maana mtu aliyebadilishiwa Office anakuta programu-jalizi yake ya biti 32 haionekani tena. Huyu peke yake ndiye ninayemruhusu kusakinisha upya, tena toleo linalolingana na Excel yake.

"Fungua kama administrator, itakubali"

Inaweza kuwa kinyume chake. Ukiandika nywila ya mtu wa IT, Excel inafunguka kwa akaunti yake, na rejista inayosomwa ni ya kwake. Kama programu-jalizi ilisakinishwa kwa ajili yako peke yako, huko haijulikani. Anayefungua kila siku kwa njia hii ajue huenda tatizo amelitengeneza mwenyewe.

"Sijabadilisha kitu chochote"

Wewe hujabadilisha, lakini Office inajisasisha usiku umelala. Tangu masasisho ya usalama ya Julai 2016, faili la .xlam (programu-jalizi iliyo faili la Excel lenyewe) lililotoka kwenye barua pepe au intaneti linaweza kuwa na tiki kwenye orodha lakini kichupo kisionekane, na hakuna maelezo unayopewa. Bofya faili kitufe cha kulia, Properties, weka tiki kwenye Unblock, basi. Faili za .xll, aina nyingine ya programu-jalizi, zilizotoka mtandaoni nazo zilianza kuzuiwa mwaka 2023. Na kama kuna aliyehamisha folda kwenye seva au kubadilisha herufi ya diski ya mtandao, Excel bado inalitafuta faili kule kwa zamani.

Virusi? Sijaviona hata mara moja kwenye tatizo hili. Kasi ya intaneti? Kichupo hutokea hata mtandao ukiwa umezimwa, ni takwimu ndizo zitakazogoma. Na wewe mwenye Mac, Excel yako haipokei programu-jalizi za COM kabisa, usinipigie saa tano usiku.

Wengine mkipiga, muwe mbele ya dirisha la COM Add-ins likiwa wazi, na mstari wa Load Behavior mmeshausoma. Nitakayeanza kumuuliza anisomee halafu aniambie "subiri kwanza, naifuta", nakata simu.