Kovachev si mhunzi

Jina la ukoo la kazi, kwa Wabulgaria, ni lile lililotokana na kazi ya mzee fulani wa zamani katika ukoo: uhunzi, ufinyanzi, ukasisi, usonara. Maana yake imeishia hapo. Kinachonisukuma kuandika ni tafsiri ninayoisikia kila timu ya huko inapoingia uwanjani: "Kovachev, yaani mhunzi." Hapana. Mhunzi ni kovach. Kovachev ni wa mhunzi.

Uzito wote umebebwa na hiyo -ov au -ev ya mwishoni. Kazi yake inafanana na ya -a unganifu yetu, ile ya wa, ya na la, na kama yetu inafuata upatanisho. Kaka ni Kovachev, dada yake wa tumbo moja ni Kovacheva, na familia nzima ni Kovachevi. Mtaani kwetu mtoto huitwa "wa fundi baiskeli" na hakuna anayempelekea tairi lenye pancha alizibe.

Ukilielewa hilo, hata Popov halitakushangaza. Pop ni kasisi wa Kiorthodoksi, na kanisa hilo humruhusu mwanamume aliyekwisha kuoa kupewa daraja la ukasisi. Popov ni wa kasisi, mtoto wa ndoa halali kabisa, ndiyo maana jina limeenea na linatajwa bila kunong'ona.

Halafu jina likishaganda, watu huendelea na kazi nyingine. Vasil Kolarov alikuwa waziri mkuu wa Bulgaria mwaka 1949 hadi 1950. Kolar ni fundi wa mikokoteni. Baba yake Vasil alikuwa fundi viatu.

Kosa la pili, la kudhani kwamba mwenye jina la Kituruki ni Mturuki, linaniuma zaidi, kwa sababu linagusa asili ya watu. Waturuki wa Kiosmani waliitawala Bulgaria tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi 1878, na masokoni maneno mengi ya ufundi yakawa ya Kituruki. Kituruki kina kiambishi -ci, au -çi, kinachomtaja mwenye kazi. Kwa Kibulgaria kikawa -dzhi au -chi. Kwa hiyo Boyadzhiev ina vipande vitatu: boya ni rangi, -dzhi ni mwenye kazi hiyo, -ev ni wa. Wanaotafsiri harakaharaka hukiruka kipande cha tatu.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, maana baadhi ya majina haya anaweza kuyasoma bila kamusi. Saatchiev ni wa fundi saa. Halvadzhiev, wa mpika halua. Sapundzhiev, wa mtengeneza sabuni. Sarafov ni wa mbadili fedha, na mzizi wake ndio uliotupa sarafu. Saa, halua na sarafu ni maneno ya Kiarabu. Yalipanda kaskazini kwa Waturuki hadi Balkan, na yakashuka na majahazi hadi pwani yetu. Sabuni imepitia Kiarabu pia, ingawa asili yake ni ya mbali zaidi, Kilatini.

Sasa mtu akisikia hivyo hukimbilia kusema, "Basi huyo Terziev ni Mturuki." Terzi ni mshonaji kwa Kituruki, ni kweli. Lakini ukipita Plovdiv, mji wa Bulgaria, soma karatasi za tanzia ambazo Wabulgaria hubandika milangoni na kwenye nguzo za taa: picha ya marehemu, majina yake matatu, na la mwisho laweza kuwa Terziev. Juu kabisa ya karatasi kuna msalaba. Lugha ya jina inakuambia sokoni palizungumzwa nini mzee yule alipokuwa na kibanda chake. Haikuambii damu ya mjukuu wala dini yake. Ndiyo maana kazi moja imezaa majina pacha: Zlatarov na Kuyumdzhiev, wote wa sonara, Ovcharov na Chobanov, wote wa mchungaji wa kondoo, na mwenzake Kovachev ni Demirdzhiev. La kwanza ni la Kislavoni, yaani jamii ya lugha ya Kibulgaria chenyewe, la pili ni la Kituruki. Tena kiambishi chenyewe kilishakuwa mwenyeji: mwindaji huitwa lovdzhiya, na lov ni neno la Kislavoni tupu. Hata Hadzhi Dimitar, mpiganaji wa uhuru aliyeuawa 1868, alikuwa Mkristo. Uhaji wake ni wa Yerusalemu, alikopelekwa na wazazi wake akiwa mtoto.

Mfano unaopendwa kuliko yote ni wa Zlatyu Boyadzhiev, mchoraji mkubwa wa Plovdiv aliyezaliwa 1903, ambaye kiharusi cha 1951 kiliupoozesha mkono wake wa kulia, akajifunza upya kuchora kwa kushoto. Husemwa kwamba jina lake lilimtabiria usanii. Ninaelewa kwa nini watu wanalipenda wazo hilo. Lakini boyadzhiya wa zamani alikuwa mtu wa masufuria makubwa, akichovya sufu na nyuzi kwenye maji ya rangi. Aliyechora picha takatifu za kanisani aliitwa zograf, neno la Kigiriki, na watoto wake wakawa Zografov. Basi ukimtaja tena Zlatyu, usiseme Boyadzhiev maana yake mchoraji. Sema ni Zlatyu, wa mtia rangi nyuzi.