Tindikali, Asidi, Maji ya Betri: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Asidi ya sulfuriki hutengenezwa viwandani kwa kiwango cha zaidi ya tani milioni 200 kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yake huishia kwenye mbolea ya fosfati. Wengi wetu tumeiona gereji au kando ya betri ya sola, ila si kwa jina hilo. Huku tunasema tindikali, asidi, maji ya betri. Kila jina limezaa makosa yake, na baadhi ya makosa hayo yanapofusha watu.

DHANA: Tindikali ni ile wanayomwagiwa watu.

Tindikali ni jina la ukoo mzima. Siki ina tindikali, limau lina tindikali, na tumboni mwako sasa hivi kuna tindikali ya hidrokloriki inayosaidia kumeng'enya chakula. Ya sulfuriki ni mmoja tu wa ukoo huo. Habari za uhalifu ndizo zilizolibana neno, hasa baada ya Agosti 2013, wasichana wawili Waingereza walipomwagiwa tindikali Mji Mkongwe, Zanzibar. Hasara yake ni kwamba chupa ikiandikwa "tindikali" tu, watu wanaona imetosha. Haijatosha. Uliza ni tindikali gani, kisha uliza imechanganywa na maji kiasi gani. Bila majibu hayo mawili hujui umeshika nini.

DHANA: Salfa, salfeti na sulfuriki ni kitu kimoja.

Salfa, au kiberiti kwa jina lake la zamani, ni madini ya njano. Ndiyo unga ambao wakulima wa Mtwara na Lindi hupuliza kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga. Unga huo huwasha macho na koo, lakini si tindikali. Ili upate asidi, salfa huchomwa iwe gesi, gesi hiyo huongezewa oksijeni kwa msaada wa vanadi, metali inayotumika kama kichocheo cha kuharakisha badiliko hilo, kisha hunyweshwa kwenye asidi iliyokolea. Salfeti nazo ni chumvi: jasi ya kwenye dari ni salfeti ya kalsiamu, mrututu ni salfeti ya shaba. Kuona neno "salfeti" kwenye sabuni ya nywele na kudhani umejipaka asidi ni hofu bure.

DHANA: Maji ya betri ni maji.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Jina hilo moja hutumika madukani kwa chupa mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ina asidi ya sulfuriki, takriban theluthi moja ya uzito wake, na hutiwa kwenye betri mpya iliyouzwa kavu. Ya pili ina maji yaliyotolewa chumvi zote, ya kuongezea betri inayotumika. Zote mbili ni angavu. Ukiziweka mezani bila lebo, jicho halitakuambia ipi ni ipi.

Basi betri ikipungua maji yake ya ndani, mtu hununua "maji ya betri", akapewa asidi, akaijaza. Kilichokuwa kimepungua si asidi. Betri inapochajiwa, maji yake hugawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni, gesi hizo hutoka, na sehemu nyingine ya maji hupotea kwa joto. Asidi hubaki ndani. Ukiongeza asidi juu ya asidi, mchanganyiko unakuwa mkali kupita kiasi, pleti zake, yaani vibamba vya metali ya risasi vilivyo ndani, zinaliwa na betri inakufa kabla ya siku zake. Haidrojeni hiyo hulipuka ikikutana na moto, ndiyo sababu ya kutochungulia betri kwa njiti ya kiberiti.

Kuna fundi atakayekuambia kipimo kimeshuka, kwa hiyo asidi "imechoka". Betri ya gari iliyojaa chaji husoma karibu 1.27 kwenye haidromita, kifaa kinachopima uzito wa maji ya betri ukilinganishwa na maji ya kawaida. Iliyokwisha chaji huweza kushuka hadi karibu 1.12. Asidi haijachoka: salfeti yake imehamia kwenye pleti, na dawa yake ni kuchaji irudi kwenye maji. Maji ya bomba au ya kisima nayo usitie, kwa kuwa chumvi zake zinaharibu pleti.

Halafu kuna suala la chupa. Asidi ikihamishiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, umeandaa msiba nyumbani. Mtoto anasikia "maji", anaona maji, anakunywa. Tanzania, sheria ya mwaka 2003 ya kemikali za viwandani na majumbani inamtaka mfanyabiashara wa kemikali kama hii asajiliwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini usajili wa muuzaji haumlindi mtoto aliyeko nyumbani. Iache asidi kwenye chombo chake chenye lebo, mahali mtoto asipofika.

DHANA: Asidi kali huonekana, inafuka na kunuka.

Inayofuka na kukaba pua mara nyingi ni ile ya hidrokloriki ya kusafishia vigae. Asidi ya sulfuriki safi haina rangi wala harufu. Iliyokolea humiminika polepole kama mafuta, ila lita moja yake ina kilo 1.84, na Wazungu wa zamani waliiita mafuta ya vitrioli.

DHANA: Ikikolea ndipo inapokula chuma zaidi.

Hapa mambo yanageuka. Asidi ya asilimia 98 husafirishwa kwenye matangi ya chuma cha kawaida. Ndivyo malori yamekuwa yakiipeleka kutoka Zambia hadi migodi ya Katanga, Kongo, inakoyeyusha shaba na kobalti kutoka kwenye mawe. Ikichanganyika na maji ndipo inapokitafuna chuma kwa kasi. Ngozi haina bahati hiyo: iliyokolea hufyonza maji ya mwili na kuunguza kwa joto.

Ndiyo maana asidi humiminwa kwenye maji kidogo kidogo, kamwe si maji kwenye asidi. Maji ni mepesi, huelea juu, huchemka ghafla na kukurushia asidi usoni.

DHANA: Ikikumwagikia, paka magadi, maziwa au yai kwanza.

Usipake chochote. Magadi na asidi vikikutana huzalisha joto jingine, na dakika unazotafuta yai ndizo asidi inazozama. Maji safi, mengi, yanayotiririka, papo hapo, kwa dakika 20 au zaidi, huku nguo zilizolowa zikivuliwa. Jicho lishikwe wazi chini ya maji hayo. Aliyekunywa asitapishwe, kwa kuwa itaunguza koo mara ya pili. Akimbizwe hospitali, na chupa ifungwe iende naye ili daktari ajue ni tindikali gani.