Ugomvi Sio Talaka: Dhana Potofu Kuhusu Migogoro ya Ndoa

"Ndoa nzuri haina ugomvi."

Hii ndiyo inayoumiza wengi, hasa maharusi wapya. Wanarushiana maneno kwa mara ya kwanza, kisha kila mmoja analala akijiuliza kama alikosea kuoa au kuolewa. Wanasaikolojia wa Marekani John Gottman na Robert Levenson waliwarekodi wanandoa wakizungumzia jambo wanalotofautiana, kisha wakawafuatilia kwa miaka kuona nani atadumu na nani ataachana. Waliodumu nao walikuwa wanagombana. Ila hata katikati ya mabishano, kwa kila neno au tendo moja baya, kwao yalikuwepo takriban mazuri matano: kuitikia kuonyesha unasikia, kutania kidogo, kumgusa mwenzako mkono, kumwambia "hapo umesema kweli". Wagombanao ndio wapatanao, lakini mapatano hayaji yenyewe.

Kinachovunja nyumba ni namna ya kugombana. Gottman alitaja tabia nne: kumshambulia mtu badala ya kusema kosa lake, kujitetea kwa kila neno, kununa na kugoma kabisa kuongea, na dharau. Dharau ndiyo mbaya kuliko zote, na wala haihitaji tusi. Kubenua midomo, kuigiza sauti ya mwenzako, kucheka anapoeleza jambo linalomuuma, vyote vinamwambia kwamba wewe uko juu na yeye yuko chini.

Chukua mume aliyerudi usiku sana bila taarifa. Mke anaweza kumpokea hivi: "Wewe ni mbinafsi, hujawahi kumjali mtu humu ndani." Au hivi: "Nimekaa na wasiwasi tangu jioni, simu hupokei. Nimekasirika. Ukichelewa, naomba uniambie." Hasira ipo kote kuwili, wala hana sababu ya kuificha. Lakini kauli ya kwanza imemhukumu mtu mzima mzima, na lililobaki kwa mume ni kujitetea au kulipiza. Ya pili imempa kitu anachoweza kukifanya kesho. Tafiti za Gottman zilionyesha kuwa dakika 3 za mwanzo za mazungumzo kama hayo hueleza mengi kuhusu mwelekeo wa ndoa.

"Msilale kabla hamjamaliza."

Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, na mara nyingi ndio unaozidisha moto. Mtu akipandwa na hasira, mapigo ya moyo yanaweza kupita 100 kwa dakika, na akiwa katika hali hiyo anasikia nusu ya anachoambiwa na kujibu kwa ukali. Mwili unahitaji walau dakika 20 kutulia, na wengine zaidi. Ondokeni mezani, lakini semeni mnarudi lini: "Nipe nusu saa, tutaongea watoto wakilala." Anayetoka bila kusema neno na kukaa kimya siku mbili hajapumzika, amesusa. Mwenzake anajua hivyo.

"Tukirudia jambo lilelile, basi hatuendani."

Kwa hesabu ya Gottman, takriban asilimia 69 ya tofauti za wanandoa haziishi kabisa. Mmoja anaweka akiba, mwingine anapenda kutumia. Mmoja anataka ndugu wawe karibu, mwingine anataka utulivu. Ukibadilisha mwenza, unapata orodha nyingine ya mambo yasiyoisha. Kazi iliyopo ni kulizungumza jambo hilo bila kuumizana. Mwaka 2013 mwanasaikolojia Eli Finkel na wenzake walichapisha utafiti wa wanandoa jozi 120: nusu yao waliombwa kuandika kwa dakika 7, mara 3 kwa mwaka, jinsi mtu wa tatu anayewatakia mema wote wawili angeutazama ugomvi wao. Nusu nyingine walizidi kuporomoka katika kuridhika na ndoa, waliofanya zoezi hili hawakuporomoka. Nashauri zoezi hili kwa moyo wote, kwa sababu linahitaji kalamu tu.

"Nusu ya ndoa zote huvunjika." Takwimu hii hutajwa kana kwamba ni ya dunia nzima. Hata Marekani, inakotoka, kiwango cha talaka kilifika kilele mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo kimeshuka sana.

"Vumilia kwa ajili ya watoto."

Hapa jibu haliwi moja. Mwanasosholojia Paul Amato na wenzake waligundua kuwa watoto waliotoka katika nyumba za vurugu kubwa mara nyingi walikuwa na hali bora baada ya wazazi kuachana kuliko waliobaki ndani ya vurugu hizo. Walioumia zaidi na talaka ni wale ambao wazazi wao hawakuwa na migogoro mikubwa. Kwa nyumba za namna hiyo, kujaribu tena kuna maana kubwa.

Kipigo na vitisho havimo katika yote niliyoandika hapo juu. Hakuna namna nzuri ya kuanza mazungumzo itakayomzuia anayepiga, na aliyepigwa hana kosa la kurekebisha. Hata ushauri wa pamoja unaweza kumhatarisha: anasema ukweli mbele ya mshauri, kisha anaulipia nyumbani. Muda wa kuondoka ndio wenye hatari kubwa, hivyo upangwe kimyakimya na mtu anayeaminika, nyaraka na fedha kidogo vikiwa mahali salama, na mahali pa kufikia pakijulikana kabla ya siku yenyewe.