Kalsiamu ya mtoto mchanga pale mama alipokuwa na presha ya mimba

Mtoto akiwa tumboni hupewa kalsiamu na kondo la nyuma, linaloichukua kutoka damu ya mama, na sehemu kubwa humfikia miezi mitatu ya mwisho, mifupa inapojengeka kwa kasi. Kitovu kikishakatwa, ugavi huo unakoma. Kalsiamu katika damu hushuka, hufika chini kabisa kati ya saa 24 na 48, kisha homoni ya tezi nne ndogo za shingoni, parathiroidi, huipandisha tena. Kila mtoto hupitia hali hiyo. Huitwa upungufu pale jumla ya kalsiamu katika damu inapokuwa chini ya miligramu 8 kwa desilita kwa mtoto aliyetimiza miezi, au 7 kwa njiti.

Presha ya mama yenyewe hainyonyi kalsiamu ya mtoto; hatari iko kwenye mambo yanayoandamana nayo. Katika kifafa cha mimba na dalili zake za awali, kondo mara nyingi hupata damu kidogo, na mtoto hudumaa tumboni. Pengine inabidi mama azalishwe mapema ili kuokoa maisha, na mtoto huzikosa wiki zile za kujiwekea akiba. Wengine huzaliwa wamechoka kwa kukosa hewa.

Kisha kuna magnesiamu salfeti, anayochomwa mama kuzuia degedege. Dawa hii hupita kwenye kondo, na ikizidi katika damu ya mtoto huzidhoofisha tezi zile za shingoni. Mama yeyote asiikatae kwa sababu hiyo, maana inaokoa maisha. Wasiwasi kuhusu mifupa na kalsiamu ya mtoto huja hasa mjamzito anapopewa mfululizo kwa zaidi ya siku 5 hadi 7.

Watoto wengi wenye upungufu hawaonyeshi dalili yoyote, ndiyo maana naona njiti na waliozaliwa na uzito mdogo wapimwe damu hata wakionekana watulivu. Wengine hutetemeka, hushtuka ovyo, hunyonya kwa shida, husita kupumua au hupata degedege. Mtetemeko ukikoma unapomshika mkono, kwa kawaida si degedege, lakini sukari ikishuka nayo huleta mtetemeko uleule, kwa hiyo vyote viwili vipimwe. Mwenye dalili kali huchomwa kalsiamu glukoneti kwenye mshipa, polepole, huku mapigo ya moyo yakiangaliwa: ikiingia haraka moyo hupunguza mwendo, na ikivuja nje ya mshipa huunguza ngozi.